Halijalaliwa, Limeliliwa

Mwezi uliopita niliingia duka la magodoro Singida mjini, na binti wa dukani, bigijii mdomoni, akaniambia, "Lala, mama, upate kulijaribu." Nikamwangalia. Akadhani sijasikia, akalipigapiga godoro kwa kiganja na kurudia. "Lala tu, mama, kila mtu analala." Nikamwambia mimi sijawahi kulala mbele ya watu na sitaanza leo, na kama godoro lake ni zuri hivyo basi alale yeye nimtazame. Akacheka. Mimi sikucheka. Nikatoka mikono mitupu, na mgongo unaniuma hadi hivi ninapoandika.

Watoto wangu wanasema mimi mkorofi. Hasira zangu ziko karibu, hilo sikatai, nimezaliwa nazo. Lakini la godoro si ukorofi. Ni woga, na woga wenyewe niliupata Itigi, nyumbani kwetu, mchana kweupe, jua linawaka.

Ilikuwa wakati ule wa ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Aliyekuwepo hahitaji kuelezwa. Kabla ya hapo ungeingia dukani ukakuta muuza duka, rafu, na vumbi la rafu. Sabuni ilikuwa habari ya kuhadithiana. Halafu kama mzaha treni ikaanza kushusha vitu: redio, vitenge, marobota ya mitumba, biskuti zenye karatasi inayong'aa. Na magodoro ya sponji. Yalikuja yamekunjwa, yamefungwa kamba, yamevalishwa nailoni, na wapagazi wa stesheni walikuwa wakiyabeba wanacheka, maana mzigo mkubwa vile ulikuwa hauna uzito.

Sisi tulilalia majani. Mama alishona magunia mawili kuwa moja, baba akakata majani mbugani mvua zikishakatika, akayakausha na kuyashindilia ndani. Ukijigeuza yanasema. Godoro lao wazazi lilikuwa na mabonde mawili, la mama dogo na la baba kubwa, kwa sababu baba alikuwa pande la mtu. Hata wakibadilisha majani, baada ya siku chache mabonde yalirudi palepale. Nikiwa mdogo nilipenda kujilaza kwenye bonde la baba akiwa kazini. Nilikuwa nazama mwili wote.

Baba alikuwa mtu wa reli, wale wa kukarabati njia. Walipopunguza watu, naye akapunguzwa. Hakukaa kulalamika. Akaingia kwenye asali, kwa sababu nayo ilikuwa imefunguliwa, mtu anunue kwa amtakaye na auze kwa amtakaye. Alikuwa anapanda lori, anapita Mitundu, anakwenda hadi Rungwa, na huko anaingia porini na wenye mizinga. Anarudi na madebe ya asali na nta, ananuka moshi, ndevu zimemjaa. Mama alikuwa anamwambia akaoge kwanza ndipo wasalimiane.

Safari ninayoisema, aliaga mlangoni na kumwambia mama, "Nikirudi nikute godoro la kisasa. Mgongo wangu na majani basi. Chagua mwenyewe, usinisubiri mimi."

Akaondoka. Na hakurudi.

Nisieleweke vibaya, kuchelewa porini ni kawaida. Lori linaharibika, mvua inakata njia, asali inakuwa haijaiva. Lakini mwezi uliandama, ukafa, ukaandama mwingine, na malori ya Rungwa yakawa yanaingia Itigi bila baba. Mama alikuwa anakwenda kuyapokea. Dereva mmoja alisema alimwacha anaingia porini na wenzake, mzima kabisa. Mwingine alisema hajamwona. Wa tatu alimjibu mama huku anaangalia tairi la gari lake, na mama aliporudi nyumbani siku hiyo alikaa jikoni bila kuwasha moto. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Kesho twende tukachague godoro."

"Mama, godoro na baba hajulikani alipo?"

"Alisema akirudi akute. Nisiponunua, atarudi akute nini?"

Nikaona nikibishana tutalia wote. Nikauwasha moto mimi.

Duka lilikuwa nyuma ya stesheni. Mwenye duka alikuwa mtu wa Singida mjini, wa familia ya wafanyabiashara, kanzu na kofia, sauti ya chini, mpole mpaka unakereka. Akampokea mama kwa shikamoo ingawa walikuwa karibu lika moja. Akalaza godoro juu ya meza ndefu, akakunja ngumi, akaikandamiza katikati. Ngumi ikazama. Akaitoa. Shimo likajaa taratibu, likawa bapa, bila alama.

"Umeona, mama? Linarudi."

Mama akamtazama yeye, si godoro. "Linarudi?"

"Linarudi lenyewe. La bei rahisi ukilikalia halirudi, linabaki bonde. Hili hata ukae mwaka, linarudi."

"Na lisiporudi?"

"Lisiporudi ni bovu, mama. Ndiyo maana tunapima."

Niliuona uso wa mama ulivyobadilika. Mfanyabiashara wa watu alikuwa anasifia mali yake. Mama alikuwa anasikia kitu kingine.

Kuanzia hapo tukawa wa kwenda dukani. Si kununua, kupima. Mama anakunja ngumi, anakandamiza, anatoa, halafu anasimama anangoja, mdomo umefungwa, pumzi kaizuia. Likirudi anashusha pumzi na kuhamia jingine. Hakuwa anauliza rangi wala unene, wala kama jasho linapita. Mimi aibu ilinijaa. Wateja wengine wanakuja, wanachagua, wanabeba, wanaondoka, na sisi tupo tu tunasubiri sponji ituambie habari za mtu. Nikamwambia waziwazi kwamba anachofanya ni kupiga ramli. Akasema, "Mimi napima godoro. Wewe unafanya nini?"

Lilikuwepo moja la maua ya bluu. Alilikandamiza kama mengine na ngumi yake ikabaki pale. Tukangoja. Mwenye duka akacheka kidogo, akalipiga pembeni, akalikung'uta. Ngumi ikabaki. Unaona hata vifundo vya vidole. Akasema labda ni baridi, ingawa Itigi saa ile hakuna baridi ya kusema. Tukaenda zetu. Kesho yake tuliporudi ngumi ya mama ilikuwa bado imo, na mwenye duka hakucheka tena. Alilitoa mezani mbele yetu na kulipeleka stoo, na sikuliona tena.

Halafu likawepo jekundu. Hilo mama hakulikandamiza. Alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akauliza, "Nani amelala hapa?"

"Hajalala mtu, mama. Lina nailoni, angalia mwenyewe."

Lilikuwa na nailoni, kweli, haijaguswa. Lakini chini ya nailoni sponji ilikuwa imebonyea kwa urefu, nyembamba miguuni, pana juu. Mama akaweka shibiri yake pale pana, akapima, akaondoa mkono haraka. "Mabega yake," akasema.

Nikamwambia mama, hili limekandamizwa na mizigo kwenye behewa, wameweka magunia juu yake, basi. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, maana na mimi nilikuwa nimeyaona mabega. Mwenye duka naye akaunga mkono, magunia, magunia, lakini alilifunika na turubai kabla hatujatoka.

Mwisho akapata moja la kijani, lisilo na maua. Alipokandamiza lilirudi kabla hajatoa mkono vizuri, kama linamsukuma. Akakandamiza tena, likarudi. Akajaribu kwa mikono miwili, kwa kiwiko, likarudi. Mama akatabasamu. Nilikuwa nimesahau jino lake la dhahabu lilikuwa upande gani.

"Hili," akasema.

Mwenye duka, kwa furaha ya kuachana na sisi, akasema, "Basi lala kidogo, mama, upate kulijaribu kwa mgongo."

Mama akarudi nyuma. "Nilale hapa? Nyie mmesimama mnaniangalia? Kwani nimekufa?"

Kwetu mtu mzima halali watu wakiwa wamesimama. Ukiwa mgonjwa watakaa. Anayelala huku wote wamesimama ni mmoja tu na wote tunamjua. Mwenye duka akagundua kosa lake, akasema Mungu aepushie mbali, akatafuta namna. "Mama, lichukue. Likalie nyumbani, jinyooshe hata mchana huu. Likikukataa nirudishie. Sharti langu moja, nailoni isitoke na lisilaliwe usiku. Likishalaliwa si jipya tena."

Nikalibeba kichwani, limekunjwa, mama nyuma yangu. Tukapita sokoni. Watu waliokuwa wanazungumza wakanyamaza, wakatufuata kwa macho. Mwanamke mmoja akajitanda kanga kichwani. Mimi nikajua ni wivu, nikazidi kuringa, shingo juu. Nikafikiri, acha watuone na sisi leo. Kumbe.

Nyumbani likatokea jambo. Mama hakutaka godoro liingie chumbani. Kwa watu wake, mke wa mtu aliyeingia porini habadili kitanda cha mumewe. Hakihamishwi, hakitandikwi upya, mpaka mwenyewe arudi, ili njia yake isivurugike. Kwa hiyo godoro la majani lilikuwa limebaki na bonde la baba lilelile aliloliacha, na mama alikuwa akilala ukingoni mwake asiliguse. Basi tutalijaribia wapi? Sebuleni. Sebule yetu ilikuwa ndogo, viti vikiwemo huwezi kufungua mlango vizuri. Nikatoa viti vyote nje, nikavipanga chini ya ukuta penye kivuli. Nikakunjua godoro sakafuni. Mama akanawa miguu, akajitanda kanga kwa sababu jua lilikuwa limempiga kichwa, akaketi juu ya godoro, akanyoosha miguu. Nailoni ikalia chini yake. Akaniambia nikamletee maji ya kunywa, halafu atalala ajaribu nikiwa nimeufunga mlango.

Nikaenda jikoni, nyuma ya nyumba. Mtungi ulikuwa umekauka, nikaanza kuchota kwenye pipa. Ndipo nikasikia kilio.

Si kilio cha mtoto wala cha ugomvi. Ni kile kinachoanzia chini tumboni na kupanda, ambacho ukikisikia unajua hata kama hujaambiwa. Kilitokea mbele ya nyumba yetu. Nilikimbia na kata mkononi. Mlangoni beseni la dagaa lilikuwa limemwagika. Jirani yetu, muuza dagaa, shoga wa mama tangu wakiwa wasichana, alikuwa amepiga magoti sebuleni, amemkumbatia mama shingoni, analia. Mama amekodoa macho juu ya bega lake.

"Wamesema wapi?" mama akauliza.

"Mwenzangu," jirani akalia, "mwenzangu wee."

Mama akapiga yowe. Sijawahi kulisikia tena yowe lile, na naomba nisilisikie. Baba amekufa. Nililia nikiwa nimekaa juu ya dagaa.

Itigi ni mji mdogo. Kilio kikitoka kwa muuza dagaa kinafika stesheni kabla hajashusha pumzi. Wanawake wakaja, kanga viunoni, wanalia tangu barabarani. Wakaingia, wakakaa kuzunguka godoro. Wanaume wakakuta viti viko tayari nje, vimepangwa, wakakaa kimya. Bibi mmoja alileta mzigo wa kuni akautua ukutani. Mwingine akachukua sufuria zetu. Na hakuna aliyeuliza, kwa sababu msibani huulizi ukifika. Unalia kwanza, unakaa, habari zitakufikia zenyewe. Kila aliyeingia alidhani aliye ndani anazo.

Sijui tulilia kwa muda gani. Najua kivuli cha viti kilikuwa kimehama. Ndipo mzee mmoja, aliyefanya kazi na baba kwenye reli, akaniita pembeni.

"Pole sana, mwanangu."

"Asante, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Jikaze. Mwili unakuja na lori la nani, tukajipange?"

"Sijui," nikasema. "Nilidhani nyie ndio mnajua."

"Sisi?"

"Mlioleta habari."

Akanitazama. Kisha akaenda kwa aliyekuwa kiti cha kwanza, akamnong'oneza. Yule akatikisa kichwa, akaonyesha wa pili. Wa pili akamwonyesha mkewe ndani. Nikaliona swali lile linatembea, mtu kwa mtu, na kila linapopita kilio kinakatika, mpaka nyumba nzima ikawa kimya na swali limesimama mbele ya muuza dagaa. Kamasi zilikuwa bado zinamtoka.

"Mimi sikuambiwa na mtu," akasema. "Nilikuwa napita. Nikaona viti nje. Nikaona godoro chini. Nikamwona mwenzangu amekaa, amejitanda."

Wote tukaliangalia godoro. Itigi mwanamke akikaa juu ya godoro sebuleni mchana, viti viko nje, hakuna la kuuliza, amefiwa. Hapakuwa na mtu katika ile nyumba ambaye angeona vile akafikiri kitu kingine. Hata mimi, kama ingekuwa nyumba ya jirani, ningelia.

Mama ndiye aliyesema, kwa sauti iliyokauka. "Sasa tumemlilia nani?"

Nje kuku walikuwa wanakula dagaa. Bibi wa kuni akajikunyata kama anasikia baridi. Halafu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, bila kuaga, kwa kuwa msibani hakuagwi, na wakawa hawajui kama huu ni msiba au si msiba. Kuni ziliachwa. Mama alikataa kuzipikia hata kijiti, zikakaa ukutani mpaka mchwa wakazimaliza.

Jioni ile ile jua halijazama, tukalikunja godoro, tukarudi nalo dukani. Mwenye duka alikuwa anafunga. Alituona, akaja mlangoni, hakutukaribisha.

"Limelaliwa?" akauliza.

"Halijalaliwa," mama akasema. "Limeliliwa."

Akainamisha kichwa. Alikuwa ameshasikia, nani asingesikia. "Mama yangu, nisamehe. La kulaliwa ningelipokea, ningepunguza bei. Hilo nitamuuzia nani?"

Tukarudi nalo. Likasimamishwa sebuleni, limeegemea ukuta, na nailoni yake. Tulipokuwa tunapita tulikuwa tunapita upande wa pili. Mchana joto likizidi nailoni ilikuwa inatoa mlio yenyewe, mlio mdogo wa mtu kujigeuza. Mama akiusikia alikuwa anaacha anachofanya. Nilimwambia ni joto. Akasema anajua ni joto. Siku nyingine akaniambia, wakati tunachambua mchele, "Kilio si sponji. Kikishatoka hakirudi. Lazima kimpate mwenyewe."

Na baba akarudi.

Alishuka kwenye lori la Mitundu saa sita mchana, amekonda, macho manjano, debe moja tu la asali. Mama alimwona akiwa barabarani. Hakukimbia. Alisimama mlangoni ameshika miimo yote miwili, na baba alipofika alimgusa uso, mabega, vidole, kisha akamwambia akaoge. Alipokuwa anaoga ndipo mama alipolia, na safari hii alijiziba mdomo na kanga ili asisikiwe na mtu.

Ilikuwa malaria. Ilimwangusha huko ndani porini, wenzake wakamlaza kambini, hali ya kubebwa haikuwepo. Alitusimulia huku anakula, anacheka, kama ilivyo kawaida yake. "Homa si mchezo. Kuna mchana mmoja nimelala pale chini ya mti, nasikia wanawake wanalia. Wengi. Nawaambia wenzangu, sikilizeni, wanamlilia nani? Wananiambia ni nyuki, mzee, tulia. Nikasema nyuki gani wanalia kama shoga yako muuza dagaa?"

Akacheka peke yake. Mama alikuwa ameshika bakuli la mchuzi, akalitua taratibu.

"Jua lilikuwa wapi?" akauliza.

"Jua? Limeanza kuinama. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Baba akanawa, akaliona godoro. "Aah, umenunua. Mbona limesimama kama mgeni? Lete tulale kisasa."

"Hilo ni langu," mama akasema.

Baba alidhani utani. Mama hakuwa anatania. Kesho yake asubuhi alimwita fundi akamtengenezea kitanda kingine, chembamba, akakiweka upande wa pili wa chumba, akatoa nailoni, akatandika, akalala juu yake mchana ule ule mlango ukiwa wazi, nikamwona. Alilala chali, mikono pembeni, macho juu, anangoja. Alikuwa amechagua. Kama kilio kinamtafuta mwenyewe wa godoro lile, basi kimkute yeye na si baba. Hakuniambia kwa maneno hayo. Alinishika mkono kwa nguvu, akaniambia hivi tu: "Baba yako asiketi hapo hata kufunga kamba za viatu. Na usimwambie kwa nini."

Sikumwambia. Na la ajabu, Itigi nzima haikumwambia. Mji usioficha hata mimba ya jana ulimficha jambo hilo, kwa maana nani atamwambia mtu mzima kwamba ameshaliliwa? Walimsalimia macho chini. Muuza dagaa alikuwa anampimia, anaweka pakiti juu ya jiwe, baba aichukue mwenyewe. Baba alinung'unika nyumbani kwamba watu wa siku hizi wamekuwa wachoyo wa mkono, ruksa imewaharibu.

Nao wawili waliishi hivyo. Mama kwenye sponji, baba kwenye majani. Baba alitania kwanza. "Mke wangu ameolewa na godoro," alikuwa anawaambia wageni, na wageni wanaojua walikuwa wanaangalia chai yao. Baadaye utani ukapungua. Kuna mwaka alimwomba kabisa, mgongo unamuuma, walau siku moja wabadilishane. Mama akamwambia hapana, akaondoka akaenda kumkatia majani mapya yeye mwenyewe, umri ule, na kumshindilia godoro lake likawa zuri. Baba hakuomba tena. Nilimkuta mara moja amekaa juu ya majani yake anaitazama sponji ng'ambo ile ya chumba, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyimwa chakula kwao. Nilitamani kumwambia. Nikaukumbuka mkono wa mama ulivyonishika siku ile, nikatoka.

Mama alitangulia. Aliugua muda mfupi, kifua, na alikufa juu ya godoro lake la kijani, ambalo wakati huo lilikuwa jembamba kama chapati. Miaka mingi ilikuwa imepita. Mimi sisemi ni kilio kile kilichomchukua. Watu hufa. Nasema tu kwamba nililiona godoro linatolewa chumbani na kutandikwa sebuleni, viti vinatolewa nje vinapangwa chini ya ukuta uleule. Nikakaa juu yake, maana ndiyo desturi, mimi mtoto wake wa kike. Wanawake wakaingia wanalia.

Muuza dagaa alikuja kwa fimbo, amezeeka. Alifika mlangoni, akasimama. Hakulia. Aliliangalia godoro, akaliambia kama anaongea na mama, "Mwenzangu. Lilikuwa la mumeo na ukalichukua. Sisi tulishalia."

Baba alikuwa nyuma yake, amekuja kuulizia maji ya wageni. Alisikia. "La mumewe vipi?" akauliza. Muuza dagaa akaangalia chini, wanawake wote wakaangalia chini. Basi akaniuliza mimi, na mama hayupo tena wa kunikataza. Nikamwambia pale pale. Viti, nailoni, beseni la dagaa. Nani alililiwa siku ile. Kwa nini alinyimwa.

Baba alivua kofia. Akapita katikati ya wanawake, jambo ambalo mwanamume hafanyi, na mimi nikasogea. Akakaa ukingoni mwa godoro, akajinyoosha, viatu miguuni, akalala chali pale sebuleni mchana, huku walioko mlangoni wote wamesimama wanamtazama. Hakuna aliyemwambia ainuke.

"Laini," akasema. "Kumbe ndivyo lilivyokuwa laini. Na mimi nilidhani ananinyima."